Jumanne ya Attoumane

Mdogo wangu Attoumane alikuwa mpishi. Nasema mpishi, sisemi mtu anayejua kupika, maana hao wa pili ni wengi na kila mwanamke wa Mahabibo, mtaa wetu hapa Mahajanga, ni mmoja wao. Wali wake punje haikushikana na mwenzake, na ukimwuliza kaufanyaje, hukwambia, "Nimeuacha." Basi. Alijifunza kwa Mhindi mmoja mwuza vitambaa, miaka sita jikoni, na mwaka wa thelathini na tatu yule Mhindi akafunga duka, akahamia Reunion na watu wake na masufuria yake. Attoumane akabaki na aproni.

Kubaki na aproni si neno kubwa. Lakini ule ulikuwa wakati wa Wafaransa, na mwanamume asiyekuwa na karatasi ya kazi alihesabiwa mali ya barabara. Mkuu wa mtaa wetu, Fazul, mtu wa Ngazidja kama sisi, ambaye mimi nilimjua tangu akiitwa Fazul Kamasi, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na daftari kwapani. Alhamisi moja akasimama uani kwangu Mahabibo, nami nachambua mchele.

"Attoumane yuko wapi, Halimati?"

"Ndani, amelala."

"Mchana wote huu?"

"Mpishi hulala mchana."

"Mpishi wa nani?"

Hapo nikainamia ungo wangu.

"Siku kumi na mbili," Fazul akasema. "Jumanne ile ya pili, alasiri, nafunga daftari. Asiye na karatasi anakwenda kuvunja mawe miezi mitatu. Usiseme mtoto wa kwetu hakukwambia."

Jirani yetu mmoja alikwenda kwenye mawe hayo na vidole kumi, akarudi na vinane. Nilipomwamsha Attoumane na kumpa habari, aliinuka akakaa. Aliitazama mikono yake, upande huu na upande ule, kama mtu anayeagana nayo.

Maneno ya watu nayaandika hapa kwa Kiswahili. Wenyewe waliyasema kwa Kifaransa, Kisakalava na Kingazidja, mara nyingine yote matatu kwa pumzi moja.

Mlango wa kwanza aliougonga ulikuwa wa Kamardine, wakala wa wapishi. Kamardine alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko la mchele na wapishi kumi na wanne aliowakodisha: leo arusini, kesho matangani, kesho kutwa kwa afisa wa forodha aliyekimbiwa na mpishi wake. Ukutani palikuwa na ubao mweusi kama wa shule, na juu yake nyumba thelathini za wateja, kila nyumba na fadi zake. Fadi ndiyo mwiko, kwa lugha ya wenyeji. Kila ukoo una yake, na Msakalava atakusamehe matusi kabla hajakusamehe kuvunja fadi ya nyumba yake.

Attoumane akapiga hodi, akasimama mlangoni.

"Toka kizingitini," Kamardine akasema, "wali uko motoni."

Attoumane akatazama huku na huku. Hapakuwa na wali, hapakuwa na moto. Palikuwa na meza, kiti, na yai moja juu ya meza.

"Wali gani, Bwana Kamardine?"

"Nyumba ya tatu ubaoni. Wali ukiwa motoni mtu hasimami kizingitini. Umeanguka mara moja. Ingia, nipe hilo yai."

Attoumane akalichukua yai, akampa kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yetu.

"Mara mbili! Nyumba ya nane yai haliendi mkono kwa mkono. Unaliweka chini, mwenzako analiokota. Ungekuwa kwao, sasa hivi wangekuwa wanatafuta ng'ombe wa kuisafisha nyumba."

Mdogo wangu akibabaika huanza kuimba puani. Akaanza.

"Mara tatu! Nyumba ya kumi na moja hawaimbi penye chakula."

"Lakini hapa hapana chakula, Bwana."

"Na yai je?"

Pamoja na hayo Kamardine alimpenda, na alimpenda kwa jibu la swali la mwisho.

"Wewe mwenyewe, fadi yako ni nini?"

"Sina. Ila nguruwe na pombe."

"Hiyo ni dini, siyo fadi. Vizuri sana. Mpishi wa kukodishwa ni kama sufuria ya kukodishwa, haitakiwi itoke na harufu ya nyumba ya jana. Nikisikia tu una fadi yako binafsi, hata ndogo kama kiroboto, tumeachana. Anza kesho kwa majaribio. Karatasi utapata Jumatano ya wiki ya pili."

"Daftari linafungwa Jumanne, Bwana. Haiwezekani Jumanne?"

"Jumanne nusu ya wateja wangu hawagusi kazi, nami sigusi kalamu."

"Kwa hiyo hiyo ni fadi yako?"

"Ni ya wateja!" Kamardine akafoka. "Mimi sina fadi. Ningekuwa nayo ningefanyaje kazi hii?"

Attoumane akaanza majaribio hivyo hivyo, asije akakosa vyote. Siku ya tatu nilitamani nimrudishe kwa Mhindi huko huko Reunion. Alipika nyumba tatu kwa siku, na kwa kuogopa kuchanganya, fadi zote akazishika mahali pote, pamoja na kwangu. Mayai akaniwekea sakafuni. Hakupita upande wa mashariki wa sufuria. Jioni nikamwambia, "Nipe chumvi." Akaziba masikio.

"Dada, jua limetua. Nyumba ya ishirini hiyo haitajwi jina."

"Hii ni nyumba ya ishirini?"

"Sijui tena hii ni nyumba ya ngapi," akasema, na nikaona hakuwa akitania.

Jumatano yake tukapata habari za Madamu Verdelet. Mume wake alikuwa meneja wa kiwanda cha kukamulia mafuta ya maua ya langilangi huko kisiwani Nosy Be, upande wa Andilana, naye Madamu amekuja Mahajanga kutafuta mpishi wa nyumbani. Nyumba moja, bwana mmoja, jiko moja, chumba cha kulala, na mkataba wa mwaka wenye muhuri. Attoumane aliposikia maneno "jiko moja" akakaa kitako chini.

Nilikwenda naye mimi. Kifaransa chake kilikuwa cha jikoni, na mimi nilikuwa na cheti cha shule ya msingi, mwanamke wa pekee mtaani kwetu mwenye cheti, na picha ya siku ile ninayo mpaka leo. Madamu alitupokea barazani. Hakumwuliza anajua kupika nini. Alifungua daftari dogo.

"Nimekuwa na wapishi wanne kwa mwaka mmoja," akasema. "Wa kwanza aliondoka kwa sababu niliingiza vitunguu. Wa pili, kwa sababu mume wangu alilinyooshea kaburi kidole. Wa tatu alinyamaza mwezi mzima, halafu akapotea, na hata leo sijui nilimfanyia nini. Wa nne aliapa kwamba hana fadi kabisa. Huyo alikaa siku tisa. Kwa hiyo nauliza kabla ya yote. Fadi yako ni nini?"

"Sina, Madamu," Attoumane akasema. "Ila nguruwe na pombe."

Madamu akaifunga kalamu yake taratibu. "Wa nne alisema hivyo hivyo."

"Madamu, sisi ni Waislamu wa Ngazidja," nikasema. "Fadi ni za wenyeji."

"Kila mtu anayo. Asiyeisema ndiye anayenitisha. Rudini Jumamosi, akiwa ameikumbuka."

Njiani kurudi Attoumane akasema, "Kule nikiwa nayo sipati kazi. Huku nisipokuwa nayo sipati kazi. Dada, nikatwe katikati?"

Niliwaza mpaka tukafika uani. Nikachukua ungo wangu wa mchele, maana mimi akili yangu huja mikono ikiwa na kazi. Nikamwambia, "Mpe moja."

"Nimpe nini?"

"Fadi. Ndogo, isiyogharimu kitu. Usiseme chakula, wewe ni mpishi, itakurudia. Sema siku. Sema Jumanne huwashi moto. Nusu ya mji huu wana Jumanne yao, nani atakuuliza? Tena utapumzika."

"Ni uongo, dada."

"Ni adabu. Mwenye nyumba amekuomba kitu, unamnyima?"

Jumamosi tukarudi. Attoumane akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kama mtu anayetoa siri ya babu yake, "Jumanne, Madamu. Siwashi moto." Nakwambia yule mwanamke uso ulimng'aa kama sinia lililosuguliwa kwa majivu. Akaandika, akapiga mstari chini, akapiga wa pili.

"Na sababu yake?"

Attoumane akanitazama. Sababu tulikuwa tumeisahau.

"Fadi haiulizwi sababu, Madamu," nikasema.

"Hasa!" akasema Madamu. "Hasa! Hayo ndiyo yaliyonishinda kumfahamisha mume wangu!"

Akamwajiri pale pale. Mkataba atapewa melini, meli yaenda Hell-Ville, bandari ya Nosy Be, ikipitia bandari zote za njiani, aje gatini na mzigo wake. Tulishuka ngazi za baraza tukicheka kimya kimya, na tulikuwa tumefika barabara kuu nilipokumbuka kumwuliza meli inaondoka siku gani.

Jumanne.

"Si neno," nikamwambia. "Safari si moto."

Sikwenda bandarini. Niliagana naye kwangu asubuhi, nikampa maandazi, nikalia kidogo, nikarudi kwenye kazi. Kabla ya adhuhuri nikamwona anaingia uani, fuko kichwani, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi.

Alivyonieleza ni hivi. Madamu alimwona gatini akamshangilia, halafu ghafla akafungua daftari lake dogo. Akaangalia daftari, akaangalia kalenda ya nahodha, akaangalia bomba la meli linalotoa moshi.

"Leo ni Jumanne," akasema. "Na hiki chombo ni cha moto."

"Madamu, moto si wangu," Attoumane akasema. "Moto ni wa meli."

"Ukipanda, nani anasafirishwa na moto huo? Ni wewe. Sianzi na mpishi wa tano kwa kumvunjia fadi yake tangu hatua ya kwanza!"

Basi mdogo wangu, kwa kuona kamba zinafunguliwa, akakata shauri aseme kweli. Akapiga magoti mbele ya wapagazi na abiria wote. "Madamu, mimi sina fadi. Dada yangu ndiye aliyenipa, Jumatano, uani kwake."

Madamu machozi yakamtoka. Akamwinua. "Maskini, yuko tayari kuikana kwa ajili yangu! Wa nne alianza hivi hivi." Akaandika maneno kwa penseli kwenye kijikaratasi, akakikunja, akamtia mkononi, akapanda meli. Meli ikaenda zake.

Habari ilifika soko la mchele kabla ya Attoumane kufika nyumbani. Kamardine akaja mwenyewe, hakukaa.

"Una fadi," akasema.

"Sina, Bwana Kamardine, naapa!"

"Mzungu kaacha mpishi gatini kwa heshima ya fadi yake, bandari nzima imeona, na wewe waniambia huna? Mimi nisadiki Mzungu au nisadiki wewe?" Akatoa chaki mfukoni, sijui kwa nini alikuja nayo, akaitikisa hewani kama anafuta jina. Akatoka.

Hivyo ndivyo ilivyofika alasiri ya Jumanne, na mdogo wangu hana wakala wala bwana. Fazul akaingia na daftari, na nyuma yake msimamizi wa barabara, Msakalava wa Antsanitia, mtu mkubwa, mpole, mwenye miguu ya vumbi.

"Attoumane," Fazul akasema, "chukua fuko lako. Naona limeshafungwa, vizuri."

Msimamizi akamtazama Attoumane. "Huyu ndiye wa bandarini? Wa Jumanne?"

"Ndiye."

"Basi leo simchukui."

"Vipi humchukui?"

"Fazul, mwaka jana nilimchukua mtu siku ya fadi yake, mvua ikaondoka na daraja. Leo huyu hashiki nyundo yangu. Kesho, hata alfajiri."

"Fadi yake ni ya moto! Mawe hayana moto!"

"Hujawahi kupiga jiwe kwa nyundo, wewe," msimamizi akasema. "Cheche zinatoka nyingi."

Fazul akamgeukia Attoumane kwa hasira ya mtu aliyeshindwa na mwingine. "Siku kumi na mbili nimekupa! Siku kumi na mbili, hukupata hata karatasi moja?"

"Ninayo moja," Attoumane akasema, macho chini. "Lakini ni ya kufukuzwa."

Akavua kofia, akatoa kijikaratasi cha Madamu. Tangu asubuhi mtu ana karatasi kichwani na hakunionyesha, kwa aibu! Nikamnyang'anya. Nikafuta mikono, nikasimama kama nilivyosimama siku ya mtihani, nikasoma kwa Kifaransa, halafu nikawageuzia:

"Attoumane ni mpishi wangu. Leo Jumanne hafanyi kazi. Atakuja kwa meli ijayo. Verdelet."

"Umesikia!" Fazul akarukia. "Mwenyewe ameandika hafanyi kazi!"

"Ameandika leo hafanyi kazi," nikasema. "Wewe Fazul, hivi mvivu aliyelala miaka kumi utamwandikia karatasi kwamba leo hafanyi kazi?"

Fazul akamgeukia msimamizi. Msimamizi akakikuna kidevu. Kuku wangu mmoja alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Mama huyu kasema kweli," msimamizi akasema mwishowe. "Siku ya kutofanya kazi anayo mwenye kazi tu. Watu wangu wa barabarani wanazo. Huyu angekuwa hana kazi, Jumanne ingemhusu nini?"

Fazul aliandika daftarini kwamba kazi anayo. Aliandika vibaya, akanikabidhi kalamu nimsahihishie jina la Madamu, nami nikalisahihisha.

Asubuhi yake, Jumatano, nani kaja? Kamardine, na kadi mpya mkononi, muhuri haujakauka.

"Nimefikiri," akasema. "Mpishi ambaye Mzungu amempa ushahidi wa fadi yake kwa maandishi, huyo naweza kumpeleka hata kwa mkuu wa mkoa. Jumanne nitaiandika ubaoni, nyumba ya thelathini na moja. Anza leo. Meli ijayo ni baada ya wiki mbili, utakula nini wiki mbili?"

Mimi nikamwambia Attoumane achukue. Kazi ya wakala ni nyumba nyingi, moja ikikukataa ziko nyingine; kazi ya bwana mmoja, akiamka vibaya umekwisha. Tena Mahajanga yuko karibu nami, nitamwangalia. Nilipolisema hili la mwisho aliitazama ile kadi, akanitazama mimi, akairudisha kwa mikono miwili.

"Bwana Kamardine, ahsante. Kwako nitashika fadi za watu thelathini, na zote ni za kweli. Kwa Madamu nitashika moja, tena ya uongo. Moja ya uongo naiweza."

Alikaa wiki mbili akila kwangu, akaenda Nosy Be kwa meli ya Ijumaa.

Hakurudi kukaa Mahajanga tena. Alimpikia Madamu Verdelet miaka kumi na mitatu, na Jumanne nyumba nzima walikula vya baridi, mume wake pia, ambaye inasemekana mwanzoni alitukana na mwishoni ndiye aliyewakumbusha wageni. Waliporudi kwao Ufaransa, Madamu aliandika barua, Attoumane akanitumia nimsomee. Anasema mtumishi wake wa huko anamwona ana wazimu, lakini jiko lake Jumanne halijawahi kuwashwa, salama.

Mwaka wa arobaini na tisa ndipo nilipomtembelea. Alikuwa ameoa, mke wake Zalia, binti wa watu wa Andilana, na ana nyumba ya mabati nyuma ya mashamba ya milangilangi. Nilitapika njia nzima baharini. Nikafika mchana, nimechoka, tumbo tupu, nikamkuta yeye kashuka pwani na Zalia yuko kisimani. Mtoto wao wa kike, Ansoifa, wa miaka minane, akanitandikia mkeka. Nikaona jiko, nikaona kuni, nikaona kibiriti kwenye rafu. Nikanyoosha mkono nichemshe japo chai.

Yule mtoto akakiwahi kibiriti, akakiweka nyuma ya mgongo wake.

"Shangazi! Leo Jumanne. Kwetu hatuwashi moto."

"Nani kakwambia?"

"Ni ya wazee," akasema, akinionea huruma kama mgeni asiyejua kitu. "Tangu Ngazidja. Aliyeivunja zamani, vidole viwili vilimtoka."

Nikageuka, na Attoumane amesimama mlangoni, kapu la samaki mkononi. Alikuwa amesikia. Kichwa kimeshaota mvi pembeni, mikono mizima, vidole vyote kumi. Hakunisalimia kwanza. Alikuwa akinitazama tu, anangoja.

Nikaushusha mkono wangu.

"Kweli, mwanangu," nikamwambia mtoto. "Nilisahau. Safari imenichanganya."

Attoumane akaweka kapu chini, akaniletea wali wa jana na achari ya maembe. Wali ulikuwa baridi, na punje haikushikana na mwenzake. Nikaula wote.